Ernst Haeckel: Mwanasayansi aliyeipa dunia neno ikolojia

FEBRUARI 16, 1864 ilipaswa kuwa siku ya furaha tele katika nyumba ya Ernst Haeckel mjini Jena, Ujerumani. Siku hiyo mwanasayansi huyo alikuwa akitimiza umri wa miaka 30, na tena alikuwa ametunukiwa nishani kwa utafiti wake kuhusu viumbe wadogo wa baharini.

Lakini siku iyo hiyo mkewe, Anna, aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Walikuwa wameishi katika ndoa kwa takriban miezi 18 tu.

Haeckel alilemewa na majonzi hata akashindwa kuinuka kitandani kwa siku kadhaa. Alipopata nguvu, alijitosa katika kazi kama mtu anayekimbia kivuli chake. Matunda ya kazi hiyo yalikuwa kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka wa 1866, na ndani yake mlikuwa na neno ambalo leo limeenea kote ulimwenguni: ikolojia.

Neno hilo husikika bungeni, mahakamani, shuleni na katika mikutano ya wakulima na wavuvi. Hata hivyo, wengi wanaolitumia hawamjui aliyelibuni, wala hawajui kwamba lilizaliwa katika vita vya kuitetea nadharia ya Charles Darwin kuhusu mageuko ya viumbe.

Daktari asiyetaka wagonjwa

Ernst Haeckel alizaliwa Februari 16, 1834 mjini Potsdam, katika ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa mwanasheria na afisa wa serikali. Familia ilihamia mji wa Merseburg angali mchanga, na huko ndiko alikokulia.

Tangu utotoni alipenda kukusanya mimea na kuihifadhi. Alivisoma kwa hamu vitabu vya safari za Alexander von Humboldt, msomi wa Ujerumani aliyezuru Amerika Kusini kati ya 1799 na 1804, na kueleza jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda mlima kutoka kwenye joto la bondeni hadi kwenye theluji ya kileleni. Aidha, alisoma simulizi ya Darwin kuhusu safari yake ya kuizunguka dunia.

Kijana huyo alitamani kuwa msafiri wa aina hiyo. Baba yake alitaka awe daktari. Kwa kumtii mzazi, alisomea udaktari katika miji ya Würzburg na Berlin, akahitimu mwaka wa 1857.

Kazi ya kutibu haikumvutia hata kidogo. Inasimuliwa kwamba alipofungua zahanati yake aliweka saa za kuwaona wagonjwa kuwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, ili wachache iwezekanavyo wafike.

Moyo wake ulikuwa baharini. Mnamo 1854 mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa amempeleka katika kisiwa cha Heligoland na kumfundisha kuvua viumbe wadogo kwa nyavu laini na kuwachunguza kwa hadubini. Haeckel hakuisahau siku aliyoona kwa mara ya kwanza wingi wa uhai uliomo ndani ya tone moja la maji ya chumvi.

Mwaka wa 1859 alisafiri hadi Italia. Kwa muda alishawishika kuachana na sayansi na kuwa mchoraji, kwani alikuwa na kipaji kikubwa cha sanaa. Alipofika Messina, katika kisiwa cha Sicily, alianza kuchunguza radiolaria, viumbe wa chembe moja wenye mifupa midogo ya madini mfano wa kioo. Aligundua zaidi ya spishi 100 ambazo hazikuwa zimewahi kuelezwa na mtu yeyote. Sayansi ikashinda, ingawa brashi na rangi hakuziweka kando maisha yake yote.

Kukutana na wazo la Darwin

Mnamo Novemba 1859 Darwin alichapisha mjini London kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kijerumani, na Haeckel akakisoma aliporejea kutoka Italia.

Darwin alieleza kwamba viumbe huzaa watoto wengi kuliko wale wanaoweza kuishi. Watoto hao hutofautiana kidogo kidogo, na wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali wanapoishi ndio wanaobaki na kuzaa. Kwa vizazi vingi, mabadiliko hayo madogo hurundikana hata spishi mpya zikatokea. Utaratibu huo aliuita uteuzi wa asili.

Haeckel aliona kwamba wazo hilo liliyapa maana maelfu ya maumbo aliyokuwa ameyachora. Alipochapisha utafiti wake kuhusu radiolaria mwaka wa 1862, alijitangaza humo kuwa mfuasi wa Darwin. Mwaka huo huo alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Jena, na Agosti akamwoa Anna Sethe, aliyekuwa binamu yake.

Septemba 1863 alisimama mbele ya kongamano la wanasayansi wa Ujerumani mjini Stettin na kuitetea nadharia hiyo waziwazi, wakati ambapo wasomi wengi wa nchi yake walikuwa wakiitilia shaka au kuikebehi. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Miezi mitano baadaye akawa mjane.

Neno lazaliwa

Ili kuyapoza majonzi, Haeckel alienda Nice, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Huko alimwona konyeza, mnyama laini wa baharini, ambaye nyuzi zake ndefu zilimkumbusha nywele za marehemu mkewe. Konyeza huyo akampa jina la Anna. Miaka mingi baadaye alimpa konyeza mwingine, mzuri zaidi, jina kamili la Anna Sethe.

Aliporudi Jena alianza kuandika kitabu chake kikuu kuhusu maumbo ya viumbe. Baadaye alisimulia kwamba alifanya kazi usiku na mchana, akilala kwa muda wa saa tatu au nne tu. Mnamo 1866 kitabu kilitoka katika majuzuu mawili yenye zaidi ya kurasa 1,000. Juzuu la pili alilitunuku kwa Darwin, Lamarck na mshairi Goethe, ambao aliwahesabu kuwa waasisi wa fikra ya mageuko.

Lengo lake lilikuwa kuijenga upya biolojia yote juu ya msingi wa mageuko. Aliona kwamba wataalamu wa enzi yake walikuwa wamezama katika kupasua viumbe na kueleza viungo vya ndani, huku wakisahau kuuliza kiumbe huyo anaishi vipi huko nje: anakula nini, analiwa na nani, anashindana na nani, anamtegemea nani, na anastahimili vipi baridi, joto, mwanga na ukame.

Eneo hilo la elimu halikuwa na jina. Haeckel alichukua neno la Kigiriki oikos, lenye maana ya nyumba au makao, akaliunganisha na neno linalomaanisha elimu. Akafafanua kwamba ikolojia ni sayansi ya mahusiano yote kati ya kiumbe na ulimwengu unaomzunguka, wenye uhai na usio na uhai.

Mnamo Januari 1869, katika mhadhara wake chuoni Jena, alilifafanua zaidi. Alisema kuwa ikolojia ni elimu ya uchumi wa maumbile, na kwamba inahusu mtandao ule ule wa mahusiano ambao Darwin aliueleza kama mazingira ya kupigania uhai.

Wazo la uchumi wa maumbile halikuwa geni. Carl Linnaeus wa Uswidi alikuwa ameandika juu yake mwaka wa 1749. Lakini kwa Linnaeus, kila kiumbe kilikuwa kimepangiwa nafasi yake na Muumba tangu mwanzo, na mpangilio huo haukubadilika. Darwin aliugeuza mtazamo huo. Kwake, nafasi ya kila kiumbe hutokana na historia ndefu ya ushindani na ushirikiano, na inaweza kupotea.

Darwin alitoa mfano uliopata umaarufu. Huko Uingereza, mmea wa klova nyekundu huchavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya. Panya huharibu viota vya nyuki hao. Paka nao hula panya. Kwa hiyo, penye paka wengi panya hupungua, nyuki huongezeka, na klova hustawi. Nani angedhani kwamba paka wa kijijini ana uhusiano wowote na ua la malishoni?

Hapo ndipo ikolojia na mageuko hukutana. Mahusiano ya leo kati ya viumbe ndiyo yanayoamua nani atazaa na nani atatoweka, na kwa kuamua hivyo huunda viumbe wa kesho. Haeckel alilitambua hilo mapema, na kulipa jina.

Oktoba 1866, kitabu kikiwa kimekamilika, alimtembelea Darwin nyumbani kwake katika kijiji cha Downe, Uingereza. Wawili hao wakawa marafiki hadi Darwin alipofariki mwaka wa 1882. Hata hivyo, Darwin alimwonya kwa upole kwamba ukali wa maneno yake dhidi ya wapinzani ungezaa maadui wasiohitajika.

Onyo hilo lilikuwa la kweli. Kitabu kilikuwa kirefu, kigumu, na kilichojaa istilahi mpya na kejeli. Waliokisoma walikuwa wachache, na neno ikolojia likabaki limefunikwa humo kwa miaka mingi.

Michoro iliyomtia doa

Baada ya kuona kwamba kitabu chake hakisomwi, Haeckel aliamua kuandikia umma. Mwaka wa 1868 alichapisha kitabu chepesi zaidi kuhusu historia ya uumbaji kwa njia ya asili. Hicho kilipendwa, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na kwa watu wengi wa Ulaya ndicho kilichowafunza mageuko kwa mara ya kwanza.

Lakini ndicho pia kilichomletea fedheha. Ili kuonyesha kwamba viumbe mbalimbali hufanana wakiwa bado viinitete, Haeckel aliweka michoro mitatu: ya mbwa, ya kuku na ya kobe. Ludwig Rütimeyer, mtaalamu wa wanyama mjini Basel, aligundua kwamba michoro hiyo mitatu ilikuwa mchoro mmoja uliorudiwa.

Haeckel aliirekebisha katika toleo lililofuata, lakini hakukiri kosa kwa unyenyekevu. Mwaka wa 1874 alichapisha michoro mingine ya viinitete, na mtaalamu Wilhelm His akaishambulia vikali kwa kutia chumvi mifanano na kuficha tofauti. Zaidi ya karne moja baadaye, mnamo 1997, watafiti wakiongozwa na Michael Richardson walichapisha picha halisi za viinitete zilizoonyesha kuwa tofauti ni kubwa kuliko Haeckel alivyochora.

Kufanana kwa viinitete kupo, na ni ushahidi mzuri wa asili moja ya wanyama wenye uti wa mgongo. Kosa la Haeckel lilikuwa kuisaidia kweli kwa mbinu isiyo ya kweli. Wapinzani wa nadharia ya mageuko wamekuwa wakiitumia michoro hiyo kama silaha hadi leo.

Dai lake lingine, kwamba kila mnyama akiwa kiinitete hupitia hatua zote za mababu zake wa kale, nalo limekataliwa na wanasayansi jinsi alivyolieleza.

Aliyewadharau Waafrika

Kuna doa lililo kubwa zaidi. Katika vitabu vyake Haeckel aliwagawa binadamu katika spishi mbalimbali na kuzipanga kama ngazi. Wazungu aliwaweka juu. Waafrika na wenyeji wa Australia aliwaweka chini, karibu na nyani.

Fikra hizo zilienea enzi ambapo mataifa ya Ulaya, Ujerumani ikiwemo, yalikuwa yakigawana bara la Afrika, na ziliwapa watawala kisingizio chenye sura ya sayansi. Baada ya kifo chake, baadhi ya waandishi wa utawala wa Nazi walimtaja kama mtangulizi wao, ingawa chama cha wafuasi wa falsafa yake, kilichoundwa mwaka wa 1906, kilivunjwa Wanazi waliposhika madaraka mwaka wa 1933.

Mwaka wa 1871 Darwin alikuwa amekisia kwamba chimbuko la binadamu huenda ni Afrika, kwa sababu sokwe na sokwe mkubwa wa milimani na misituni, walio jamaa zetu wa karibu, wanaishi humo. Haeckel hakukubali. Alielekeza macho kusini mwa Asia, na hata akataja bara lililodhaniwa kuzama katika Bahari ya Hindi.

Ardhi ya Afrika Mashariki ndiyo iliyotoa jibu. Mwaka wa 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale katika bonde la Olduvai, Tanzania. Mnamo 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na uchimbaji ukatoa mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Leo wanasayansi wanakubaliana kwamba binadamu wote, yeye Haeckel akiwa mmoja wao, wana asili ya Afrika.

Miaka ya mwisho

Haeckel alimwoa Agnes Huschke mwaka wa 1867, wakajaliwa watoto watatu. Aliendelea kufundisha Jena hadi alipostaafu mwaka wa 1909, akikataa kuhamia vyuo vikubwa zaidi.

Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilipokamilisha safari yake ya kuchunguza bahari za dunia, 1872 hadi 1876, ni yeye aliyekabidhiwa radiolaria waliokusanywa. Ripoti yake ya mwaka wa 1887 ilieleza zaidi ya spishi 3,500 mpya. Kati ya 1899 na 1904 alichapisha michoro 100 ya sanaa ya maumbile, ambayo uzuri wake uliwavutia wasanifu majengo na wachoraji. Lango la maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1900 lilibuniwa kwa kuiga umbo la radiolaria.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, aliweka sahihi yake kwenye tamko la wasomi 93 waliotetea vitendo vya Ujerumani. Alifariki Jena, Agosti 9, 1919, akiwa na umri wa miaka 85.

Mbegu yaota

Ajabu ni kwamba Haeckel mwenyewe hakufanya utafiti mwingi wa ikolojia. Alitoa jina na kuwaachia wengine shamba.

Mnamo 1877 Karl Möbius, aliyechunguza chaza kaskazini mwa Ujerumani, alionyesha kwamba viumbe wa mahali pamoja ni jamii inayotegemeana, na kwamba kuvua chaza kupita kiasi huipindua jamii nzima. Mwaka wa 1895 Eugenius Warming wa Denmark alichapisha kitabu kuhusu jamii za mimea kilichoiweka ikolojia katika vyuo vikuu. Chama cha wanaikolojia cha Uingereza kiliundwa mwaka wa 1913, na cha Marekani mwaka wa 1915. Mnamo 1935 Mwingereza Arthur Tansley alibuni istilahi ya mfumo ikolojia.

Kwa muda mrefu wanaikolojia walisahau mizizi yao katika mageuko, wakidhani kwamba mageuko huchukua muda mrefu mno kuonekana. Dhana hiyo iliporomoka pale Peter na Rosemary Grant, walioanza kuwachunguza ndege wa visiwa vya Galapagos mwaka wa 1973, waliposhuhudia ukame wa mwaka wa 1977. Mbegu ndogo ziliisha, ndege wenye midomo midogo wakafa kwa wingi, na kizazi kilichofuata kikawa na midomo mikubwa zaidi.

Hapa kwetu, Ziwa Victoria ni darasa la somo hilo hilo. Mamia ya spishi za samaki wadogo aina ya fulu yalitokea humo katika muda wa takriban miaka 15,000, kila spishi ikijitwalia chakula chake na makao yake. Kisha katika miaka ya 1950 mbuta akapandikizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka. Kilichojengwa kwa maelfu ya miaka kilibomolewa katika muda mfupi kuliko umri wa mtu mmoja.

Mwaka wa 2019, miaka 100 tangu kifo cha Haeckel, wanasayansi walikutana katika mji ule ule wa Jena na kutoa tamko kwamba mgawanyo wa binadamu katika jamii za rangi hauna msingi wa kibiolojia, na kwamba dhana hiyo ni zao la ubaguzi. Hawakuficha mchango wa Haeckel katika kuieneza.

Huo ndio urithi wa mtu huyo: neno linalowafundisha binadamu kuwa wao ni sehemu ya nyumba moja pamoja na viumbe wengine wote, na makosa yanayoonya kwamba hata aliyeipa nyumba hiyo jina aliweza kuwabagua wakazi wake.